Injini Iliyobanwa Pumzi

Pikipiki za Triumph za msimu wa 1970 zilipotoka kiwandani Meriden, kijiji kilicho jirani na jiji la Coventry nchini Uingereza, zilikuwa na badiliko ambalo mnunuzi asingeliona hata angepiga magoti kando ya injini. Ndani, kwenye ukuta unaotenganisha chumba cha kranki na kasha la cheni inayokwenda kwenye klachi, palikuwa pametobolewa matundu matatu madogo. Sili ya oili iliyokuwa ikikaa kwenye beringi ya upande huo ilikuwa imeondolewa, na haikuwekwa nyingine. Nyuma ya kasha la cheni lilichomoza bomba nene lililokwenda kuishia mkiani, kando ya madigadi ya gurudumu la nyuma.

Ni hayo tu. Hapakuwa na chuma kipya, wala gasketi ya ajabu, wala mashine ya kisasa iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Kampuni iliongeza uwazi, ikaondoa kizuizi, na injini iliyokuwa ikitaniwa kwa miaka mingi kwa kuvuja ikapata nafuu.

Utani wenyewe ni wa zamani: ukikuta sakafu kavu chini ya pikipiki ya Kiingereza usifurahi, maana yake oili imekwisha. Wenye Triumph, BSA na Norton za enzi hizo wameuzoea, na wengi wao huegesha chombo juu ya sinia au kipande cha boksi bila kuona haya. Maelezo yanayotolewa ni yaleyale. Viwanda vya Birmingham na Coventry vilikuwa na mashine zilizochakaa. Wakubwa walibana matumizi. Injini iliyogawanywa wima, nusu mbili zikakutanishwa kwa gundi bila gasketi, itaachaje kuvuja? Yote yana ukweli. Lakini yanaitazama oili kama mfungwa anayetoroka kwa sababu mlango haukufungwa vizuri, na sehemu kubwa ya oili ile haikutoroka. Ilifukuzwa.

Mivukuto chini ya pistoni

Tukieleza kazi ya injini huwa tunazungumzia upande wa juu wa pistoni: kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa moshi. Upande wa chini hausemwi. Hata hivyo, pistoni inaposhuka hupunguza nafasi iliyo chini yake kwa kiasi kilekile inachoongeza juu, na inapopanda hurudisha. Chumba cha kranki ni mivukuto ya mhunzi ambayo hakuna aliyeiagiza, na ndani yake mna oili inayorushwa huku na huko na kranki.

Kwa pikipiki ya silinda mbili ya cc 650 ambayo pistoni zake hupanda na kushuka pamoja, nafasi ya chini hupungua na kuongezeka kwa cc 650 kila kranki inapozunguka mara moja. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Zidisha: lita 65 za hewa zinatafuta pa kwenda na kurudi kila sekunde, ndani ya kasha la aluminiamu linaloweza kubebwa kwa mikono miwili.

Injini ya silinda mbili haikulazimika kuwa hivyo. Pistoni moja ikipanda huku nyingine ikishuka, hewa ya chini huhama tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na ujazo wa chumba haubadiliki sana. Lakini Edward Turner, mhandisi aliyeipa Triumph injini ya Speed Twin ya cc 498 mwaka 1937, alichagua pistoni ziende pamoja, na alikuwa na hoja nzito. Cheche zinagawanyika sawasawa, moja kwa kila mzunguko. Kabureta moja inatosha kulisha silinda zote mbili bila moja kuipokonya nyingine. Mlio ni wa kupendeza. Na injini nzima ilikuwa nyembamba kiasi cha kuingia kwenye fremu iliyokusudiwa pikipiki ya silinda moja. Soko lilimpa haki. BSA wakaja na A7 mwaka 1946, Norton wakafuata na Dominator miaka michache baadaye, wote na pistoni zinazokwenda pamoja. Kwa hiyo karibu sekta nzima ya pikipiki ya Uingereza ilirithi mivukuto ileile.

Ongeza jambo la pili. Hakuna ringi ya pistoni inayoziba kabisa. Kila mafuta yanapowaka juu, gesi kidogo hupenya kandokando ya ringi na kushuka kwenye chumba cha kranki. Kwenye injini mpya ni kidogo; kwenye injini yenye silinda iliyolika ni nyingi. Gesi hiyo haina kwingine pa kwenda. Isipotolewa kupitia njia iliyoandaliwa, itajitafutia: sili ya kranki, mirija ya vijiti vya valvu, kiungo cha kifuniko cha gia, uzi wa boliti. Na popote itakapopita, oili iliyolala kwenye kiungo hicho itaondoka nayo.

Presha yenyewe si kubwa, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Gasketi ya karatasi ina uwezo wa kuhimili zaidi ya hapo. Lakini kiungo kilicholowa oili hakihitaji presha kubwa ili kianze kutoa jasho. Kinahitaji tu presha ya ndani izidi ya nje, tena na tena, mara mia kwa sekunde, safari nzima. Geuza hali hiyo, presha ya ndani iwe chini kidogo kuliko ya nje, na kiungo kilekile chenye kasoro zilezile kitanyonya hewa kidogo na kubaki kikavu. Nimeona injini zenye sura za viungo zilizokwaruzwa kwa bisibisi na mafundi wa vizazi vitatu, na bado zikawa kavu, kwa sababu tu zilikuwa zikipumua vizuri.

Kwa hiyo shabaha ni kuwa na mlango wa upande mmoja: hewa itoke pistoni zikishuka, isirudi zikipanda. Mlango huo ukifanya kazi sawasawa, baada ya mizunguko michache hewa iliyozidi huwa imekwishatoka, chumba kinabaki na presha ya chini kuliko ya nje, na kinachoendelea kupita bombani ni ile gesi ya ringi peke yake. Zile lita 65 zinaacha kwenda na kurudi. Na kama hazipiti, hazibebi ukungu wa oili.

Kisahani na springi yake

Waingereza walilijua hilo. Si kweli kwamba walilala. Njia waliyoipenda ilikuwa kisahani chenye matundu, kilichochomekwa kwenye ncha ya kemshafti na kusukumwa na springi ndogo dhidi ya kibati chenye matundu yake. Kemshafti huzunguka mara moja kranki inapozunguka mara mbili, kwa hiyo kisahani kilipaswa kufungua mara mbili katika kila mzunguko wake, kila pistoni ziliposhuka. Kwenye karatasi ni kazi safi ya saa. Triumph walikitumia, BSA walikuwa na cha kwao, Norton vilevile.

Tatizo lake la kwanza ni wembamba. Njia ya kupitia katikati ya ncha ya kemshafti haiwezi kuwa pana, na bomba linalotoka hapo halina haja ya kuwa pana kuliko njia yenyewe. Kwa injini ya cc 498 inayotembea taratibu kwenye barabara za mashamba za miaka ya 1930, inatosha. Lakini injini ileile ilikuzwa. Thunderbird ya 1950 ilikuwa na cc 649, na Bonneville iliyoingia sokoni kwa msimu wa 1959 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 46 kwenye mizunguko 6,500. Mivukuto iliongezeka kwa karibu theluthi, ikaongezewa na kasi, kisha ikapelekwa Marekani, soko kubwa kuliko yote, ambako barabara zilinyooka na mpanda pikipiki angeweza kushikilia mwendo mkubwa saa nzima. Pua ilibaki ya mtoto.

Tatizo la pili ni muda. Hewa ina uzito wake, na ndani ya bomba jembamba refu huchelewa kuanza kwenda na huchelewa kusimama. Kisahani kinachofungua kwa wakati mwafaka kwenye mizunguko 2,000 kitakuwa nje ya wakati kwenye 6,000.

La tatu ni la mafundi, nami nadhani ndilo lililoharibu zaidi. Unapounganisha nusu mbili za injini ya Triumph ya kabla ya 1970, kile kisahani na springi yake hukaa ndani ya bushi ya kemshafti, gizani, vikisubiri kidole cha kemshafti kiingie kwenye mwanya wake. Fundi mzoefu hukipaka grisi kishikilie, hulaza nusu hiyo ya injini, hugeuza kemshafti polepole hadi ahisi vimeshikana, ndipo ashushe nusu ya pili. Fundi mwenye haraka hubamiza. Kisahani kinavunjika sikio, au kinakaa upande, au springi inaanguka, na injini inafungwa boliti zote na njia yake ya kupumua ikiwa imezibwa kwa ndani. Haitaonekana. Pikipiki itawaka, itatembea, itavuma vizuri, na baada ya kilomita hamsini itakuwa imelowa kuanzia silinda hadi tairi. Mwenye nayo atalaumu gasketi, atanunua nyingine, na fundi atazibadilisha zote isipokuwa kufungua pale penye ugonjwa, maana kufika pale ni kuishusha injini nzima.

Ukiliangalia tatizo hilo la tatu, ndipo unapoona akili ya yale matundu matatu ya Meriden. Yaliondoa saa, yakaondoa kisahani, yakaondoa uwezekano wa kukosea. Hewa sasa ilipita kwenye beringi isiyo na sili na kwenye matundu, ikaingia kwenye kasha la cheni, ambalo ni kubwa. Ikifika kwenye nafasi kubwa hupunguza mwendo, na hewa iendayo polepole haiwezi kubeba matone. Oili huanguka chini, inakuwa ya kulainishia cheni, na ikizidi kimo hurudi kupitia matundu yaleyale. Kinachobaki hutoka kwa bomba pana. Hakuna mlango wa upande mmoja hapo, kwa hiyo injini haipati ile presha ya chini tunayoitaka, lakini inapata nafasi ya kuhema bila kujisonga. Gharama yake ipo: moshi wa ringi sasa hupita kwenye klachi, na oili ya humo huchafuka upesi. Wenye injini za zamani zaidi ambao hufungua kwa matengenezo makubwa mara nyingi huzitoboa vivyo hivyo na kuitupa sili, na sijaona sababu ya kuwazuia, isipokuwa kwa anayetaka pikipiki yake ishindanishwe kwa uasilia mbele ya majaji.

Norton walipotoboa mahali pabaya

Kutoboa tundu kubwa si dawa kama hukufikiria unatoboa wapi. Norton walijifunza hilo hadharani. Pikipiki zao za Commando za mwanzo zilitumia kisahani cha kwenye kemshafti. Mwaka 1972 kampuni ilileta injini iliyoitwa Combat, ya cc 750 na mgandamizo wa 10 kwa 1, iliyokusudiwa kuwafuta machozi wapenda mwendo waliokuwa wakiangalia pikipiki za Kijapani kwa husuda. Njia ya kupumulia ikahamishiwa nyuma ya chumba cha kranki, chini kabisa.

Hebu fikiria kilichopo hapo. Kranki inazunguka kwa kasi, imejaa oili inayodondoka kutoka kwenye beringi za vikono vya pistoni, na yote inatupwa kwenye ukuta kisha inakusanyika chini. Ukiweka tundu la hewa mahali ambapo oili inatupwa, tundu hilo litatoa oili. Sehemu kubwa ilirudishwa kwenye tangi kupitia bomba, na mfumo ulielemewa. Combat inakumbukwa zaidi kwa beringi za kranki zilizokufa mapema, hadi zilipoletwa beringi za aina nyingine zilizovumilia kranki inayopinda, na kwa sababu hiyo suala la kupumua husahaulika. Lakini angalia walichofanya kwenye Commando 850 iliyotoka mwaka 1973: njia ya hewa ilihamishiwa nyuma ya kasha la gia za kemshafti, juu, mbali na dhoruba ya kranki, na bomba likapanda hadi kwenye tangi la oili. Nalo tangi likapewa njia ya kutolea hewa kwenda kwenye kasha la kichujio cha hewa.

Hapo pana fundisho kwa anayejenga upya injini yoyote. Hewa ichukuliwe mahali pakavu, bomba liwe pana, lipande kwanza kabla ya kushuka ili matone yapate muda wa kurudi nyumbani. Na kama unaongeza valvu ya upande mmoja, kama wengi wanavyofanya siku hizi, iweke karibu na injini iwezekanavyo. Ukiiweka mwisho wa bomba la mita moja, hewa iliyomo kwenye bomba lote inakuwa sehemu ya mivukuto. Inabanwa na kutanuka, na valvu inakaa tu ikitazama.

Wajerumani hawakuponyoka. BMW za silinda mbili zinazotazamana zinaonekana kuwa na uwiano mzuri, moja kushoto, moja kulia. Lakini pistoni zake huingia na kutoka kwa wakati mmoja, kwa hiyo chini yake hali ni ileile ya Triumph. Kwenye R50/5, R60/5 na R75/5 zilizoanza kutengenezwa Berlin mwaka 1969, kazi ya mlango ilipewa kisahani kinachorukaruka juu ya kiti chake kwa nguvu ya springi, na mwenye masikio mazuri hukisikia kikigongagonga injini ikiwa inanguruma taratibu. Wengi huziendesha na oili ikiwa nusu ya alama za kijiti cha kupimia, hawaijazi mpaka juu, kwa kuwa kinachozidi hutemwa kupitia njia ya hewa na kuishia kwenye kabureta.

Na Royal Enfield Bullet, ambayo tangu 1955 ilianza kuunganishwa Madras na ikaendelea kuzalishwa India hata baada ya kampuni mama kufa Uingereza, ilitegemea kipande cha mpira chenye midomo miwili kama ya bata. Silinda ni moja, kwa hiyo hakuna pistoni nyingine ya kusawazisha. Pistoni ikishuka midomo hufunguka, ikipanda hujifunga. Hakuna kifaa rahisi kuliko hicho, na hakuna kinachosahaulika kuliko hicho. Mpira ukikauka kwa joto na umri, midomo hubaki wazi na injini hunyonya vumbi la barabarani. Ikinata, injini hubanwa. Bei yake ni ndogo kuliko ya gasketi yoyote ile, na bado watu hufungua injini nzima kabla ya kukigusa.

Wajapani? Ni kweli Honda CB450 ya 1965 ilikuwa na pistoni zinazopishana, moja juu moja chini, na CB750 ya 1969 ilikuwa na nne, mbili juu mbili chini. Ingekuwa rahisi kumaliza hadithi hapo. Lakini Honda hao hao walikuwa na injini ndogo zenye pistoni mbili zinazokwenda pamoja, na Yamaha XS650 ilikuwa hivyo hivyo, karibu nakala ya mpangilio wa Kiingereza. Hazikuwa na sifa ya kuvuja. Ziligawanywa kwa ulalo, kiungo kikawa juu ya kimo cha oili badala ya kupita chini yake. Zilichongwa kwa usahihi. Na zilipewa nafasi maalumu ndani ya injini ambamo hewa huzungushwa na kuacha oili kabla ya kutoka. Kwa hiyo sisemi kwamba gasketi na usahihi wa mashine havina maana. Nasema Mwingereza alipewa mzigo wa mivukuto pamoja na kiungo dhaifu, na akatibu kiungo.

Kabla ya kununua silikoni

Methali ya ufa na ukuta tumeisikia tangu utotoni, na kwenye injini hizi imeharibu mali nyingi. Mtu anaona oili, anafikiria ufa, anaziba. Anatoka dukani na mrija wa silikoni, anaupaka kila kiungo kwa ukarimu, na mabaki yanayojikunja kwa ndani yanakatika na kwenda kuziba njia za oili. Injini ambayo ilikuwa ikivuja sehemu nne sasa inavuja mbili, kwa nguvu zaidi, na imebakiza muda mfupi kabla ya kranki kukosa oili.

Kitu cha kwanza cha kuuliza ni kama pikipiki ilikaa muda mrefu bila kuwashwa. Nyingi kati ya injini hizi haziweki oili ndani. Oili hukaa kwenye tangi la pembeni, pampu moja huisukuma ndani na nyingine huirudisha. Pikipiki ikisimama wiki kadhaa, oili hupenya polepole, kwenye Norton kupitia meno ya pampu yaliyolika, kwenye Triumph kupitia gololi isiyokaa vizuri kwenye kiti chake, na kujaza chumba cha kranki. Siku ya kuwasha, pistoni zinashuka juu ya dimbwi. Wingu la moshi linajaa uani, bomba la hewa linatapika oili, na majirani wanafungua madirisha kutazama. Hapo hakuna kilichoharibika. Fungua boliti ya chini, kinga oili, irudishe kwenye tangi, anza upya. Wapo wanaofunga koki kwenye bomba la tangi ili kuzuia. Mimi koki hizo siziamini hata kidogo: siku moja mwenyewe atasahau kuifungua, na safari hiyo kranki itazunguka kavu.

Kama haikuwa hivyo, pima. Chukua mpira wa plastiki mwembamba unaoonekana ndani, mita mbili au zaidi, ukunje umbo la U kwenye kipande cha ubao, tia maji yafike nusu. Ncha moja iache wazi. Nyingine iunganishe na tundu lolote la injini, kwa mfano kifuniko cha roka cha ziada ulichokitoboa kwa kazi hiyo, wala usiiweke kwenye njia ya kupumulia yenyewe, kwani ukiiziba hiyo utakuwa unapima ugonjwa uliousababisha wewe. Minya mpira kidogo mahali pamoja, la sivyo maji yatacheza na hutasoma kitu. Washa, ongeza mwendo. Maji yakivutwa kuelekea upande wa injini, inapumua. Yakisukumwa upande wa nje, imebanwa, na tofauti ya sentimita 10 ni takriban asilimia moja ya presha ya hewa inayotuzunguka. Inaonekana si kitu, lakini kiungo kilicholowa hakidai zaidi. Kifaa hiki hakina bei, na kinasema ukweli kuliko jicho la fundi yeyote, awe na miaka arobaini ya kazi.

Imebanwa, basi fuata bomba: limepinda? Limezibwa na oili iliyoganda na vumbi? Mtu amechomeka chujio dogo la urembo linalopendeza machoni na kuzuia hewa? Bomba likiwa safi na pana na bado presha ipo, huenda ringi zimekwisha. Moshi wa bluu unaotoka kwa mfululizo kwenye njia ya hewa ni ushahidi, na hapo hakuna valvu itakayokuokoa. Silinda zichongwe, pistoni zibadilishwe.

Kuna suala la mwisho wa bomba pia. Zamani lilining'inia hewani nyuma ya pikipiki na kilichotoka kilikuwa cha barabara. Matone yakiangukia tairi la nyuma kwenye kona, mpanda hatapata nafasi ya kulalamika. Ndiyo maana kwenye mbio za pikipiki za zamani bomba huelekezwa kwenye chupa ya kukingia. Kwa pikipiki mpya, sheria za Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikataza gesi ya chumba cha kranki kuachwa hewani, na tangu hapo inarudishwa kwenye kasha la kichujio cha hewa ikaungue upya.

Kwa njia hiyo jambo hili linafika hadi kwenye kijiwe cha bodaboda. Wasomaji wengi hawatamiliki Bonneville, lakini pikipiki ya silinda moja ya cc 125 au 150 inayopita mbele ya nyumba yao, iwe ni uzao wa Honda CG125 ya 1976 au nakala yake ya Kichina, ina mivukuto ileile. Ina mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kasha la chujio. Mpira ule ukikunjika wakati fundi anarudisha tangi, ukizibwa na tope, au ukichomolewa na kuzibwa kwa kipande cha tambara kwa sababu ulikuwa ukichuruzika, sili ya sproketi ya mbele itaanza kutoa oili. Itabadilishwa. Itatoa tena baada ya mwezi, na lawama zitakwenda kwa sili feki, ambazo ni kweli zipo tele.

Chini ya kasha la chujio, kwenye nyingi ya pikipiki hizo, hujificha kimpira kifupi chenye kizibo. Humo ndimo hukusanyika maji na oili vilivyoachwa na ile pumzi ya injini, hasa msimu wa mvua au baada ya kuoshwa kwa mashine ya presha. Kikiwa kimejaa, kichomoe kizibo, mwaga kwenye kopo, rudisha kizibo. Spana haihitajiki.